Mengineyo

Mwaka ule maporomoko ya Jinja yalipozamishwa
ili umeme uzaliwe,
mimi nilikuwa koplo wa kalamu.
Bunduki yangu ilikaa stoo. Nilipewa wino,
rula ya mti, na daftari la safu sita.
Kapteni alinifunza mwenyewe:
kila senti ina baba na mama, Koplo Okecho,
ufuate ukoo wake mpaka uupate.

Malori yakashuka kutoka Kigezi na magunia.
Ndani mlikuwa na jiwe la kijani hafifu,
jepesi kuliko lilivyoonekana.
Kule milimani wanawake walilipasua kwa nyundo,
wakalichambua kama maharagwe,
shilingi moja na senti ishirini kwa debe.
Sisi tuliliita jiwe, basi.
Katekista wa kambi ndiye aliyesema lina jina,
zabarajadi,
nalo limo katika misingi ya mji ule
usiohitaji jua wala mwezi.
Tulicheka.
Mji gani hujengwa kwa magunia ya kahawa?

Mwezi wa nne hesabu ikakataa kulala.
Shilingi tatu hazikuonekana.
Siku kumi na moja sikutoka ofisini ila kula,
nikazifuata shilingi tatu kwa barua, Kabale na kupita,
hadi kwa mtu mmoja, Losira Kebirungi,
aliyelipwa debe mbili na nusu
ambazo mizani haikuziona.
Jibu lake liliandikwa na mtoto wa shule:
Jiwe nilileta. Mvua ilinyesha.
Mwenye mizani alikuwa ndani.
Chini yake, dole gumba, jeusi, limepinda kidogo.

Kapteni akasema dole gumba si risiti.
Shilingi tatu zikakatwa kwangu.

Juma lilelile,
katikati ya karatasi za kaboni,
ukanifikia waraka usio wangu.
Niliusoma nimesimama.
Meli, idadi kadha. Mahema. Bia.
Miwani myeusi, jozi elfu tatu.
Mnara wa chuma, wa kutumika mara moja.
Posho ya kungojea upepo ugeuke.
Na mwisho kabisa, peke yake: Mengineyo.
Nikazihesabu sufuri zake kwa kifuniko cha kalamu,
nikapotea, nikaanza upya.
Hela ile haikuwa na baba.
Haikuwa na mama, wala mjomba wa kuulizwa.
Hapakuwa na dole gumba popote.

Nikaupeleka, nikapiga saluti.
Umeusoma?
Nikajibu kama tulivyofundishwa kujibu:
Hapana, bwana.

Miezi ikapita. Redio ya kantini
ikataja kisiwa, alfajiri, mwanga.
Askari waliambiwa wageuze migongo, wafumbe macho,
wayazibe kwa viganja;
na bado, ikasema sauti ile kwa utulivu,
wapo walioiona mifupa ya vidole vyao.
Mtu mmoja akaomba chumvi.
Katekista aliacha chai yake ikapoa,
na tangu siku hiyo hakutusomea tena habari za ule mji.

Sijui kama jiwe letu lilifika kule.
Sitaapa. Magunia yalipanda treni kuelekea Mombasa,
na daftari langu liliishia stesheni.

Sasa naishi Walukuba, chumba na sebule.
Juzi nilifuata pensheni;
mkono unatetemeka, sahihi haifanani na ya zamani.
Kijana wa dirishani akanisogezea kidau,
akanishika kwa upole, akanibonyeza.
Dole langu nalo limepinda kidogo.

Kebirungi, hatukuonana.
Lakini daftari jipya nimenunua, la shule,
nimelipiga mistari sita,
na debe zako mbili na nusu ziko ukurasa wa kwanza,
pamoja na mvua.
Kinachonishinda ni upande wa kuziandika:
tulichodai,
au tunachodaiwa.